Sare ya Harusi, Sare ya Skuli



Tunajua wengi wenu mko kwenye matayarisho. Mafundi wamezidiwa na kazi, na kila simu inayolia ni mtu anauliza rangi ya sare. Leo na sisi tunataka kuzungumza habari za sare, ila si zile mnazozifikiria. Ni jambo lililotukuta Rubya, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, tulipokwenda kumsindikiza mdogo wetu kwa mumewe mwishoni mwa 2022. Tumechelewa kulisimulia kwa sababu ndani yake tulikosea, na hakuna anayependa kusimulia alipokosea.

Tulikuwa wanne: dada wawili wa bi harusi, mtoto wa mama yetu mdogo, na shoga yake wa tangu chuoni. Nikaha ilifungwa Unguja. Bwana harusi ni Mhaya, mzaliwa wa Rubya, na wazee wake walitaka bibi arusi apokewe kwao, ndugu wamuone. Tukapanda boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi la Bukoba: Dodoma, Singida, Kahama, Biharamulo. Tuliposhuka Muleba miguu imevimba na mabuibui yote yamejaa vumbi. Kutoka hapo tukachukua gari ndogo mpaka Rubya.

Rubya ni kwa kilima na migomba. Nyumba zimejificha ndani ya migomba, chini ya migomba kuna mibuni, na asubuhi kuna baridi ambayo sisi watu wa pwani hatukuitarajia. Pana hospitali kubwa na seminari ya Wakatoliki ya miaka mingi. Wakaazi wengi ni Wakristo, lakini Waislamu wapo, na ukoo wa mume wa mdogo wetu una wote wawili. Kwenye Idi wanapika pamoja na kwenye Krismasi wanatembeleana. Tulipokewa vizuri mno. "Karibuni waitu," kila mlango. Ulikuwa msimu wa senene, tukawekewa sahani iliyojaa. Wawili wetu walikula, wawili walisingizia kushiba.

Kila asubuhi alikuwa akija mtoto wa kike wa miaka minane kusaidia kumenya ndizi na kunyonyoa senene mbawa. Ana mikono myepesi, hakuna kati yetu aliyemuweza. Siku ya pili mmoja wetu akamuuliza lile swali ambalo kila mtu mzima humuuliza mtoto: "Unasoma darasa la ngapi?" Akainamisha kichwa, akaliweka bakuli chini, akaondoka. Tukadhani ni haya tu.

Mama mkwe wa mdogo wetu ndiye aliyetueleza usiku. Mtoto yule hasomi darasa lolote. Analelewa na bibi yake, ambaye ni shangazi wa bwana harusi, pamoja na wajukuu wengine wawili. Alitakiwa aanze darasa la kwanza Januari iliyopita. Alikwenda siku ya kwanza na gauni la nyumbani na ndala. Hakuna aliyemfukuza. Mwalimu alimpokea, akamwambia bibi atafute sare taratibu. Lakini watoto wenzake walimcheka, na yeye akaona kwamba katika mstari mzima wa paredi ni yeye peke yake asiye na rangi ya wenzake. Siku ya tatu alikataa kwenda. Bibi akamwambia angoje kidogo, pesa ikipatikana. Mwaka ukapita.

Tukashangaa. Sisi Wazanzibari tumekua tukisikia kila mwaka kwamba tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bure. Na Bara nako, si ada ilifutwa? Ilifutwa, na si mara moja. Ilifutwa kwanza katika miaka ya sabini, wakati wa Mwalimu Nyerere, Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka kila mtoto asome. Baadaye nchi ikabanwa na uchumi, na wazazi wakarudi kuchangia. Katika miaka ya tisini mzazi alitakiwa kutoa shilingi 2,000 kwa mtoto kila mwaka, mbali na michango mingine. Wengi walishindwa. Mwaka 2000 watoto waliokuwa skuli za msingi kwa umri unaostahiki hawakufika 60 katika kila 100. Mchango ule ukafutwa 2001, ukaja mpango wa MMEM, na ilipofika 2005 walikuwa karibu 95 katika kila 100. Hebu fikirini: shilingi 2,000 ndizo zilizokuwa zimesimama mlangoni.

Michango mingine ikaanza tena kuchipua, mpaka Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ukakataza ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Serikali ikawa inatoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, sehemu yake ikiwa ya vitabu. Lakini mzazi ameachiwa sare, viatu, madaftari, matibabu, na chakula cha mtoto. Hayo hayamo katika neno "bure".

Usiku ule tulikaa kitandani na simu tukapiga hesabu kwa bei tulizoambiwa. Shati 8,000. Sketi 10,000. Sweta 15,000, na kwa baridi ile sweta si urembo. Viatu 15,000. Soksi jozi mbili 3,000. Madaftari na penseli 6,000. Begi 10,000. Mahindi na maharage ya chakula cha mchana cha skuli, kama 10,000. Jumla 77,000.

Halafu mmoja wetu akasema polepole: "Na sare zetu je?" Kitambaa 50,000, fundi 25,000, mtandio 10,000. Shilingi 85,000 kwa kila mmoja, kwa nguo ya rangi ambayo sote tulijua hatutaivaa tena. Zilikuwa zimetundikwa pale ukutani mbele yetu.

Hatukulala vizuri. Na kwa kuwa hatukulala vizuri tukaamka na haraka ya kufanya jambo la kheri, na haraka ile ndiyo iliyotuponza.

Siku ya sherehe, wanawake wamejaa uani, tukachangishana laki moja. Tukamuita bibi mbele za watu. Mmoja wetu akashika kipaza sauti akaeleza kwamba tumeguswa na hali ya mjukuu wake, mwengine akarikodi kwa simu. Bibi alikuja akichechemea na mkongojo. Akazipokea zile noti, akazikunja mara mbili, akamrudishia aliyempa kwenye kiganja. "Nashukuru, wanangu," alisema. "Mle mshibe, mcheze harusi yenu." Akarudi kukaa. Hakuondoka, maana kuondoka kungevunja sherehe ya mtoto wa kaka yake. Lakini kesho yake yule mtoto hakuja kumenya ndizi, wala kesho kutwa.

Wapenzi, tumefunzwa tangu tuko chuoni kwamba sadaka huharibiwa na masimango na maudhi. Tulikuwa tunalijua kwa moyo. Ila tulidhani masimango ni yale maneno ya baadaye, ya "mimi ndiye niliyekusaidia". Hatukujua kwamba yanaweza kuja pamoja na sadaka yenyewe, kwa kipaza sauti.

Mama mkwe alituita jikoni. Hakutukaripia. Alisema: "Nyie mmemfanya maskini wenu. Yule si maskini wenu, ni ndugu yenu. Mdogo wenu ameshaingia nyumba hii, kwa hiyo mtoto wa yule ni mtoto wake. Mtoto hapewi sadaka. Mtoto anavikwa."

Kisha akatueleza kilichomfanya bibi akose. Bibi si mtu asiye na kitu. Ana mibuni na migomba yake. Tatizo lake ni Januari. Kahawa kule huanza kuvunwa kama Mei, na pesa yake inaonekana katikati ya mwaka. Skuli zinafunguliwa Januari, pesa ya kahawa imekwisha na ile nyengine iko mbali. Mtu akibanwa na shida hapo katikati huenda kwa mwenye fedha akamuuzia kahawa ingali mtini, kwa bei ya chini kabisa. Wenyewe wanaita butura. Serikali imeikataza mara nyingi, lakini mgonjwa hangoji msimu. Mwaka ule bibi aliugua goti, akauza butura kwa ajili ya matibabu. Kahawa ilipoiva ilivunwa mbele ya macho yake na haikuwa yake tena.

Basi akabaki na pesa ya kumvika mjukuu mmoja. Alikuwapo kaka wa yule mtoto, yuko darasa la tano, sketi na kaptura zikagombania mfuko mmoja. Bibi akamvika aliyekwisha kuanza. Tukajiuliza sisi tungefanya nini, na hatukupata jibu tofauti. Aliyeanza akitolewa, watu wanaona na wanauliza. Asiyeanza, nani atauliza? Hayumo kwenye daftari la mahudhurio. Hahesabiwi hata kuwa ameacha skuli.

Na bibi kuwalea wajukuu si jambo geni Muleba. Wagonjwa wa mwanzo wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa Kagera, mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, wilaya hiyo hiyo. Baada ya hapo kizazi kizima cha mabibi kilirudi kulea watoto wachanga uzeeni. Huyu bibi aliwalea watoto wa dada yake enzi hizo, na sasa analea wajukuu.

Mmoja wetu alikaa kimya muda wote mama mkwe akizungumza. Mwishowe akasema kwamba katika miaka ya tisini, akiwa darasa la tatu huko kwetu kisiwani, aliwahi kurudishwa nyumbani kwa mchango. Alilia njia nzima, baba yake akatoka kwa hasira akaenda kukopa, akarudi skuli siku ya pili. "Mimi nilifukuzwa," alisema. "Baba alikuwa na mtu wa kumkasirikia. Huyu mtoto hana wa kumkasirikia. Kila mtu amekuwa mwema kwake, na bado yuko nje."

Maneno hayo ndiyo yaliyobaki nasi kuliko mengine yote. Ada ilipokuwapo, mtoto masikini alizuiliwa mlangoni na kila mtu aliona. Ada ilipoondoka, kilichobaki ni aibu ya kuonekana huna, na aibu humzuia mtoto akiwa bado nyumbani kwao. Hakuna barua wala orodha ya wasiolipa.

Mdogo wetu ndiye aliyemaliza jambo hili, na alilimaliza bila sisi. Mnajua kwamba mahari ni haki ya mke mwenyewe, hana baba wala mume wa kuyagusa bila ya ridhaa yake. Yeye alikuwa ameyaweka mahari yake mkobani, akipanga kununua cherehani. Jioni moja alijifunga kanga, akafuatana na mama mkwe wake kwenda kwa bibi. Hatukuambiwa walizungumza nini. Tulichoona ni kwamba kesho yake bibi, mtoto na mdogo wetu walikwenda pamoja kwa fundi, na bibi ndiye aliyekuwa akitoa amri. Alimwambia fundi aache pindo la vidole vinne kwenye sketi, literemshwe mtoto akirefuka. Sweta alichagua la mikono mirefu kupita kiasi. Cherehani ikasubiri.

Skuli zilifunguliwa Januari. Siku aliyoanza tulikuwa bado hatujaondoka. Alipita uani kwetu asubuhi na mapema, soksi zimevutwa mpaka magotini, mikono ya sweta imekunjwa mara mbili. Hakusimama wala hakutuamkia kwa maneno mengi. Alipita tu, kama mtoto mwengine yeyote aliyechelewa skuli. Alikwenda kukaa na watoto wa miaka sita yeye ana minane, na hilo pia ni gharama, ingawa haipimwi kwa shilingi.

Tungependa kumaliza hapo, lakini haikuishia hapo. Januari 2024 mdogo wetu alitupigia simu: mtoto hajaenda skuli wiki ya pili. Miguu imekua, viatu vimembana, na wao nyumbani walikuwa na msiba wakasahau. Sare hainunuliwi mara moja. Mtoto wa darasa la kwanza ana Januari nyengine nyingi mbele yake.

Huenda mtu akasema, sare tu? Kuna utafiti ulianza 2003 magharibi mwa Kenya, katika skuli za msingi 328, uliofanywa na Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Katika baadhi ya skuli hizo watoto wa madarasa ya juu walipewa sare bure, hakuna zaidi. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha skuli walipungua kutoka 19 katika kila 100 mpaka 16, na walioanza kuzaa kutoka 16 mpaka 13. Kwa hiyo shati na sketi vilibadilisha hata umri wa msichana kuwa mama. Sisi tunaozungumza na mabibi harusi tunaona jambo hili linatuhusu. Tunataka kila msichana aingie kwenye ndoa kwa kuwa amefika, si kwa kuwa hakuwa na pahala pengine pa kwenda asubuhi.

Basi tumejifunza mambo machache, tunawapa kama tulivyojifunza.

Kwanza, wakati. Pesa inayokuja Machi, mtoto ameshazoea kukaa nyumbani. Sisi wanne tuna kibubu sasa. Tunatia kidogo kidogo kila mwezi, na tunakivunja Novemba, kabla ya mafundi kuzidiwa na bei kupanda.

Pili, njia. Hatutumi kwa mtoto wala kwa bibi. Tunampa mdogo wetu, naye anamvika mwanawe. Kama huna ndugu hapo, mtafute mwalimu muaminifu au mzee wa mtaa ambaye atafanya kimya kimya. Na simu ibaki mkobani.

Tatu, uliza vizuri. Usimuulize mtoto mbele za watu anasoma darasa la ngapi. Muulize mama yake pembeni: "Januari mmejiandaaje?" Swali hilo linaacha nafasi ya kusema kweli.

Nne, hili la sare zetu. Hatusemi harusi zisiwe na sare. Tunapenda kupendeza, na furaha ya harusi ni jambo jema. Tunasema tu kwamba bibi arusi ana sauti kubwa kuliko anavyodhani. Akisema "mara hii tuvae kanga za doti moja", shoga zake watavaa kanga, na wapo watakaomshukuru moyoni kwa sababu na wao walikuwa wanakopa kwa ajili ya kitambaa. Kati yetu wameshaolewa wawili tangu safari ile. Mmoja alivalisha watu kanga. Mwengine alishindwa na shinikizo la mashangazi, akatoa sare kama kawaida, na hatumlaumu. Tulizidisha kibubu.

Na tusidhani haya ni ya Kagera tu. Hapa hapa visiwani, zungukeni mitaani saa nne ya asubuhi siku ya skuli, muangalie watoto walio nje. Si wote ni watoro.

Mwaka 2025 binti yetu alikuwa darasa la tatu. Pindo la sketi lilikuwa limeshateremshwa lote na alikuwa akivaa sketi nyengine. Siku moja mwaka ule tulipiga simu ya video. Nyuma yake ukutani tuliiona kadi ya harusi ya mdogo wetu, ambayo mama mkwe ameibandika na hataki itolewe. Tukamuomba atusomee. Akasogea karibu, akaweka kidole kwenye herufi, akasoma jina la bwana harusi, la bibi arusi, tarehe, na rangi ya sare.

Allah awajaalie kheri mabibi harusi wote, azijaze nyumba zenu mapenzi na huruma, na awafungulie milango watoto waliobaki nje. Amin. Tuombeane dua.